Mkaja wa Farah

Kama wewe ni mwanamke wa Mji wa Kale, na umezaa katika miaka hii thelathini, basi sina haja ya kukueleza Bi Shifa ni nani. Alikukanda kwa maji ya moto mpaka ukalia. Alikunywesha uji wa pilipili manga mpaka ukatamani kumtukana, kisha akakufunga mkaja tumboni, akauvuta, akakwambia, "Toa pumzi, mwanangu, tumbo lirudi kwao." Arubaini nzima alikuwa mtu wa kwako, asubuhi na jioni. Na siku alipokuaga ulilia tena, safari hii kwa kumtaka abaki.

Kwa ambaye hajazaa, au ni mwanamume na mambo haya huyasikia ukutani tu: mkaja ni kitambaa kirefu cha pamba anachozungushwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ukikiona kimekunjwa hutakipa thamani yoyote. Kazi iko mkononi mwa anayefunga. Akilegeza, ni bure. Akikaza kupita kiasi, mzazi hapumui. Bi Shifa alikuwa na kipimo chake, alikirithi kwa mamake, na mkaja wenyewe aliurithi pamoja na kipimo hicho. Ulikuwa mweupe zamani. Sasa ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Aliwafunga mabinti wa watu hata akapoteza hesabu. Binti yake mwenyewe hakuwahi kumfunga hata siku moja, na jambo hilo ndilo lililokuwa likimla.

Farah, mwanawe wa pekee, aliolewa akapelekwa Maskati. Mumewe alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko jangwani, na nyumbani kwake alikuwa mgeni kuliko wageni. Miaka miwili nyuma Farah alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akaishi siku tatu. Bi Shifa hakuwa na pasipoti wakati ule, wala hakuwa na wa kumpa nauli. Alikaa barazani na simu sikioni akimsikiliza mwanawe akilia ng'ambo, na yeye mikono yake imelala mapajani haina kazi. Farah alipita arubaini yake peke yake katika nyumba ya ghorofa ya tisa, hakuna wa kumkanda, hakuna wa kumwambia kula. Baadaye sana, siku moja katikati ya mazungumzo ya kawaida, alisema neno moja tu: "Mama, nilikuwa nikisimama dirishani." Bi Shifa hakumwuliza zaidi. Aliogopa kuuliza.

Sasa Farah alikuwa mjamzito tena. Madaktari walimpangia upasuaji siku ya Jumapili. Alimpigia mamake simu, akasema kwa sauti iliyotulia mno, "Mtoto nimemwachia Mwenyezi Mungu. Mimi ndiye sijijui. Njoo unishike, Mama."

Bi Shifa aliuza bangili zake mbili za dhahabu. Viza ikatoka baada ya kuhangaika miezi, na ilimtaka awe ameingia kabla ya Jumamosi kwisha. Akaenda Bondeni kwa Crispus, kijana wa duka la mtandao, akamwambia amtafutie tiketi iliyo rahisi kuliko zote. Crispus akabofya, akabofya, akaipata ya Ijumaa saa nane na nusu mchana.

"Bi Shifa, una mzigo?" akauliza.

"Mzigo gani, mwanangu? Nguo zangu mbili na vitu vya mzazi."

Na siku ile alisema kweli. Crispus akachagua tiketi isiyo na mzigo, ya kilo saba za mkononi basi, akaichapisha. Bi Shifa akaikunja akaitia kwenye kipochi bila kuisoma. Nani husoma tiketi? Mtu husoma siku na saa.

Tabu ilianza habari ilipotoka nje. Watu wa kwetu hatuna dogo. Ukitaka kusafiri salama, usimwambie hata paka wako, kwa sababu mtu akisikia unakwenda Uarabuni, hapo hapo anakumbuka kwamba ana dada huko, na dada yake ana hamu ya achari. Mizigo hii huitwa amana, na jina lenyewe ndilo linalokufunga mikono. Amana huikatai. Huifungui ukachungulia. Ukiipokea imekuwa deni baina yako na Mola wako, na mtu akikwambia, "Ni kijimzigo kidogo tu," jua kinahitaji watu wawili kukiinua. Mimi huiona hii kuwa ni dhuluma iliyovishwa nguo ya ibada, na nimeshasema hivyo mbele za watu, nikanuniwa. Lakini Bi Shifa si mimi. Kwake yeye, kumkataa jirani mwenye kifurushi mkononi ni sawa na kumfungia mlango usoni.

Wakaja. Zakiya wa nyumba ya tatu alileta chupa nne za achari ya maembe. Mmoja akaleta mabuyu, mwengine kofia zilizoshonwa kwa mkono kwa ajili ya wajukuu. Salem, muuza halwa wa kona, alileta vikapu vitatu vya halwa kwa ajili ya nduguye, kisha akajitolea kumpimia sanduku zima kwenye mizani yake ya dukani. Akasimama mbele ya mizani kama kadhi.

"Kilo thelathini kamili," akatangaza. "Ndege zaruhusu thelathini. Sote twajua."

Salem alipata elimu hiyo alipokwenda Hija, zama hizo simu zikiwa na vitufe. Hakuna aliyembishia. Vitu vya Farah vililala chini kabisa ya sanduku, na juu yake mji mzima.

Ijumaa yenyewe, Kitsao, dereva wa teksi aliyezoea kumpeleka Bi Shifa kwa wanawake waliojifungua, alikuwa ameshawasha gari pale mdomoni mwa kichochoro, ndipo Mzee Faraj alipotokea na bakora yake. Mzee Faraj alifiwa na mkewe mwaka uliopita. Chini ya kwapa alikuwa na kifurushi kilichoshonwa kwa marekani, kile kitambaa kigumu cha pamba, kizito mpaka kimempinda bega.

"Ni cha mwanangu, Ghassan," akasema. "Yeye atakuja kukichukua hapo hapo uwanjani. Sikupata wa kumpa ila wewe."

"Lete, baba," akasema Bi Shifa.

Gari likaondoka. Pale Makupa malori yalikuwa yamefungana, wakasota. Walipofika uwanja wa ndege ilikuwa saa sita imepita. Kitsao akamshushia sanduku, akamtakia safari njema, akageuza gari kurudi kisiwani kumchukua abiria mwengine.

Msichana wa kaunta aliitwa Priscah. Jina lake lilikuwa kifuani. Aliutazama mzani, akaitazama tiketi, akautazama tena mzani.

"Mama, mzigo wako ni kilo thelathini na sita. Tiketi yako ni ya kilo saba."

"Thelathini," akamsahihisha Bi Shifa kwa upole. "Hizo sita ni za Mzee Faraj, zimekuja baadaye."

"Ni saba, mama. Tazama hapa." Akamwonyesha chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo kama chawa. "Kila kilo ya ziada ni elfu moja na mia tano."

Bi Shifa hakuwa mtu wa kwenda sana na hesabu, lakini hiyo haikuhitaji msomi. Alikuwa na elfu tisa kwenye kipochi, na ndizo zilizokuwa za safari nzima. Zilizotakiwa zilipita elfu arubaini. 

Hakuwa peke yake, kama hiyo ni faraja. Ukumbi mzima ulikuwa umefunguka matumbo. Sakafuni palijaa masanduku wazi, watu wamepiga magoti wanatoa na kurudisha. Bwana mmoja mnene alikuwa amevaa kanzu tatu, moja juu ya nyengine, anajifuta jasho na kuwaambia watu kwamba mwili haupimwi. Mama mmoja alilikalia sanduku lake, akaapa hashuki mpaka aletewe mkubwa wao. Familia moja ilikuwa inagawa sambusa kwa foleni, bora ziliwe na Waislamu kuliko zitupwe pipani. "Kesho watatutoza pumzi," mtu akasema, na wengine wakacheka kicheko cha watu waliokwisha kunyang'anywa. Bi Shifa hakucheka.

"Mama, toa mizigo ya watu," Priscah akamwambia kwa sauti ya chini. Hakuwa msichana mbaya. "Chukua vitu vyako tu upande. Hivi vingine viache."

"Si vyangu, mwanangu. Vingekuwa vyangu ningeviacha."

"Basi mpe mtu avirudishe."

"Nikuwachie wewe?"

"Siruhusiwi kuwekewa mizigo, mama. Nitafukuzwa kazi." Akatazama saa. "Tunafunga saa saba na nusu. Ukiwa tayari, njoo mbele moja kwa moja, usipange foleni."

Ilikuwa saa saba kasorobo. Bi Shifa akaliburura sanduku pembeni, akakaa sakafuni, akatoa simu. Alikusudia kufanya jambo lililo sawa: kumpigia kila mwenye amana, aombe ruhusa, aruhusiwe kwa ulimi wa mwenye mzigo, ndipo aache. Wengine wangeona ni upuuzi. Lakini mwanamke huyu miaka thelathini ameingia vyumbani mwa watu, ameona dhahabu zao na aibu zao, na hakuna hata sindano iliyopotea wala neno lililotoka. Alichokuwa nacho duniani ni hicho.

Zakiya aliipokea simu na mwiko mkononi. "Wacha, mpenzi! Wacha! Achari ni achari. Nimekuhalalishia duniani na akhera. Wenda zako kwa mwanao!" Mwenye mabuyu naye akaruhusu, mwenye kofia akaruhusu. Wanawake walikuwa majumbani, wanageuza wali, simu ziko karibu. Bi Shifa akavitoa vyao, akavipanga ukutani. Vikabaki viwili tu: halwa ya Salem na kifurushi cha Mzee Faraj. Vizito kuliko vyote.

Akampigia Salem. Ikaita, haikupokewa.

Akampigia Mzee Faraj. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Akapiga tena, na hapo ndipo ilipomjia akilini ni siku gani na ni saa ngapi. Saa ya Ijumaa. Wanaume wote wa Mji wa Kale walikuwa misikitini wakati ule, imamu yuko juu ya mimbari, na simu zao ziko mifukoni zimenyamazishwa. Na imamu wa msikiti wao alikuwa na sifa moja inayojulikana hata Likoni, nayo ni kwamba akishika khutba haiachi.

Alipiga, akapiga. Mara mojamoja alikatisha kumpigia mtu akaitazama saa kubwa ya ukutani. Saa saba na robo akamkumbuka Kitsao. Kitsao hakuwa msikitini; Kitsao ni Mkristo. Akajilaumu mbona hakumkumbuka kwanza.

"Nakuja, mama!" Kitsao alipiga kelele kwenye simu, na nyuma yake honi za malori zilisikika. "Nipo hapa hapa Makupa, sijasogea! Nageuza! Usiviache chini, nakuja!"

Saa saba na dakika ishirini. Bwana wa kanzu tatu alikwisha kupita. Mama aliyekalia sanduku alikwisha kushuka, akalipa, akapita akilia. Ukumbi ulikuwa unakauka watu.

"Mama, dakika kumi," Priscah akaita kutoka kaunta.

Bi Shifa alikaa na kifurushi cha Mzee Faraj mapajani. Alimwona mzee na bakora yake, bega limepinda. *Sikupata wa kumpa ila wewe.* Kisha akaliona dirisha. Hakuwahi kuliona dirisha hilo, lakini alilijua lote, pazia lake na kitasa chake, maana kwa miaka miwili alikuwa akilala nalo na kuamka nalo. Akamwona Farah amesimama mbele yake, tumbo limelegea, hakuna aliyemfunga.

"Ya Rabbi, nisamehe," akasema kwa sauti, akaviinua vyote viwili, halwa na kifurushi, akavipeleka akaviweka chini kando ya pipa la taka. Hakuvitazama tena. Alirudi akalipindua sanduku, akatoa vitu vya Farah: leso, nguo za mtoto, uwatu, pilipili manga, udi, mkaja. Akavirundika kwenye leso moja, akafunga fundo. Mikono ambayo haikuwahi kukosea fundo maisha yake yote ilifunga, fundo likafunguka mara mbili. Sanduku akaliacha wazi sakafuni, akakimbia.

Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mwenye buibui na magoti mabovu, akikimbia, huwa hendi mbali kwa haraka.

Priscah alikuwa ametoka, amesimama mbele ya kaunta. Taa ya juu ya kaunta ilikuwa imezimwa.

"Mama," akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Imefunga. Inajifunga yenyewe. Nimejaribu kuingiza jina lako, imekataa."

"Nimetoa vyote. Tazama. Ni hivi tu."

"Naona, mama."

"Pima. Nipimie basi uone."

"Sio kupima, mama. Imefunga."

Bi Shifa alipiga magoti. Sisemi kwa kupamba; alipiga magoti pale mbele ya kaunta, akamshika msichana yule pindo la sketi, akamwambia kwamba mwanawe atapasuliwa Jumapili, kwamba yuko peke yake, kwamba viza inakwisha kesho. Priscah akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akatazama saa, akasema masharti ni masharti. Saa saba na dakika thelathini na tatu. Wakamwinua. Priscah alikuwa akilia, lakini machozi yake hayakuwa na cheo cha kufungua kitu.

Akarudi kando ya pipa. Halwa na kifurushi vilikuwa pale pale, havikuguswa na mtu. Akakaa navyo. Hapo ndipo Kitsao alipoingia mbio, shati limelowa, akasimama ghafla alipomwona amekaa.

Na hapo ndipo simu ilipolia. Salem.

"Bi Shifa! Nimetoka msikitini naona umenipigia mara kumi na mbili! Kuna nini? … Halwa? Halwa yangu? Kwa haki ya Mungu, itupe baharini hiyo halwa! Wewe nenda kwa mwanao! … Bi Shifa? Wanisikia?"

Alikuwa akimsikia. Alimpa Kitsao simu ajibu yeye.

Kitsao akavikusanya vyote, akavirudisha sandukuni, akalipeleka garini. Kitsao alikataa nauli, Bi Shifa hakuwa na nguvu ya kubishana. Habari ilikwisha kutangulia. Alipofika, kichochoro kilikuwa na watu. Walimpokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Salem na vijana wawili walikaa na simu alasiri yote wakitafuta kiti katika ndege ya Jumamosi, wako tayari kuchanga. Kulikuwa na ndege moja tu, na imejaa. Afaf, binti wa nyumba ya pili aliyekuwa akifanya kazi dukani huko Maskati, ndiye aliyekuwa akisafiri nayo, na kiti chake alikinunua tangu mwezi wa Shaabani.

Mzee Faraj alikuja, akakaa naye barazani. "Umekosa ndege kwa ajili ya amana yangu," akasema. "Watu kama wewe wamekwisha duniani. Ni kinu cha marehemu, kile cha shaba. Mke wa Ghassan alikitaka. Ningelijua…"

Bi Shifa alikitazama kifurushi. Alitaka kumwambia kwamba alikitupa. Kwamba kwa dakika kumi kinu cha marehemu mkewe kilikaa jaani, na kama taa ile ingekuwa bado inawaka angepanda ndege akakiacha.  Kila jirani aliyepita alimwombea dua kwa uaminifu wake, na kila dua ilimchoma, kwa sababu alikuwa amempoteza mwanawe na amana vilevile, ila la pili hakuna aliyelijua.

Halafu wakaanza, kwa aibu, kwa sauti za chini. Mmoja akasema, "Bi Shifa, ikiwa si taabu, ile amana yangu… maana Afaf yuwaenda kesho." Akampa. Akaja mwengine. Wakachukua moja moja, mpaka sanduku likabaki na ukoko wa mabuyu na harufu ya udi.

Salem ndiye aliyekuja mwisho. Hakujia halwa. Alikuja na mizani yake ya dukani, ameibeba mwenyewe kifuani, akaiweka chini mbele yake. Alikuwa na haja ya kujua, nadhani, kama vile mtu anavyotia kidole kwenye jino linalouma. Bi Shifa akaliweka lile fundo la leso juu ya mizani. Wote wawili wakainama.

Kilo sita na nusu.

 Salem akaichukua mizani yake akaenda zake bila kuaga, na siku ile duka hakulifungua tena.

Kumpigia Farah ndiko kulikokuwa kugumu. Bi Shifa aliipiga namba akaikata mara tatu.

"Mama? Washapanda?"

Akamweleza. Hakujitetea. Farah hakulia, wala hakulaumu. Kwenye simu Bi Shifa alisikia upepo, na hakujua ni upepo wa pangaboi au ni wa nje.

"Haya, Mama," Farah akasema mwishowe. "Haya. Si kitu."

Ile "si kitu" ndiyo iliyomwinua barazani. Alitia mkaja kwapani, akaenda mpaka nyumba ya pili. Jua lilikuwa halijatua.

Afaf alipofungua mlango, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Nyuma yake, ukumbini, vifurushi vilikuwa vimeshajaa. Achari ilikuwa pale, na kofia, na kile cha marekani. Msichana mwenyewe alikuwa amekaribia kulia.

"Bi Shifa, nisamehe. Wallahi hata wewe siwezi kukukatalia, lakini tazama, wameniletea mpaka…"

"Sikuletei mzigo, mwanangu. Ingia ndani. Vua dera."

Afaf alimtazama. Hajaolewa, hajazaa, hajui lolote. Lakini alimjua mwanamke huyu tangu alipojua watu, na alivua dera akabaki na shimizi. Bi Shifa akafunga mlango. Akaukunjua mkaja wote sakafuni, akamsimamisha msichana mbele yake, akaanza kumzungusha.

"Hiki utakivaa hivihivi chini ya nguo zako mpaka ufike kwa Farah. Hakuna atakayekipima. Sasa tulia, usikie mkono wangu. Nilimfunga mamako kwa kitambaa hiki hiki siku ulipozaliwa wewe. Hapa chini waanza kwa kukaza. Wasikia?"

"Nasikia."

"Hapa katikati walegeza, maana yeye atakuwa na mshono. Kidole kimoja kipite. Tia kidole. Hivyo. Juu wakaza tena, lakini mngojee atoe pumzi kwanza."

"Bi Shifa, mimi sijui kufanya haya."

"Utafanya."

"Na akilia?"

"Mwache alie. Usimwambie nyamaza. Ukae naye tu, na chakula umlishe wewe kwa mkono wako, asikwambie ameshiba."

Alifika mwisho wa kitambaa, akalichomeka pindo ubavuni mwa msichana, akalibonyeza kwa kiganja.  Afaf alipoinua uso aliona Bi Shifa analia bila sauti, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Na kitanda chake, Afaf," akasema. "Ukifika, kabla hujafanya jambo jengine lolote. Kisogeze mbali na dirisha."

"Inshallah."

"Sema utakisogeza."

"Nitakisogeza, Bi Shifa."

Akaupangusa uso kwa upindo wa buibui. Kisha akalichomoa lile pindo, akaufungua mkaja wote mpaka chini, akampa Afaf ncha yake mkononi.

"Haya," akasema, akajisimamisha yeye mwenyewe mbele ya msichana, akainua mikono juu. "Sasa nifunge mimi."